Meseji ya Chuo Niliyoifuta Mwenyewe

Mwanangu Neema alikalia godoro lake jipya nje ya ofisi ya usajili chuoni, akalia mbele za watu. Aliyemliza ni mimi mama yake.

Alipomaliza kidato cha sita tulikwenda kwa Masalu, mwenye stesheneri pale Buzuruga, amwombee vyuo. Neema hana simu, akaandika namba yangu. Masalu akaniambia, "Kazi imeisha, mama. Subirini majina tu."

Majina yakatoka, Neema kachaguliwa vyuo viwili. Nikapiga vigelegele soko zima la samaki. Siku hiyohiyo ikaingia meseji yenye namba ya siri. Mimi matapeli walishanikomba mtaji wangu wa samaki kwa meseji za hivyo. Nikaifuta, tena kwa kejeli: "Wezi nyie, leo mmekwama!"

Kumbe namba ile ndiyo ya kuthibitisha chuo kimoja kati ya viwili, na asiyethibitisha hupoteza nafasi. Tulipofika chuoni na godoro, karani wa usajili alitueleza kwa upole kwamba muda umepita, asubiri mwakani.

"Mama, uliifuta?" Neema akaniuliza.

Ujinga ni wangu, sikatai. Lakini wewe Masalu, uliyejua meseji itakuja ukanyamaza, njoo nyumbani umjibu mwanangu.