Uti wa Mgongo wa Omena

Karatasi ya kwanza ilikuwa na jibu moja: omena. Madam Agneta akatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, akaiweka kando, akachukua ya pili. Nayo omena. Ya tatu ilisema konokono, akamshukuru Mungu. Ya nne omena, ya tano omena, na ya sita ilikuwa ya mtoto aliyetaka kuonyesha kwamba amesoma, akaandika dagaa, ambaye ni omena yule yule aliyevalishwa jina la Kiswahili.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Taja mnyama mmoja asiye na uti wa mgongo. Agneta alilitunga kwa makusudi liwe la kuokota alama, ili hata wale wanaolala darasani waondoke na kitu. Buibui angetosha. Nzi angetosha, na nzi hawakosekani mtaani Manyatta. Lakini alipomaliza kusahihisha karatasi za watoto themanini na mmoja wa Gredi ya Nne, chai yake ikiwa imeshapoa mezani, hamsini na watatu walikuwa wameandika omena.

Akavua miwani, akajisugua macho. Ilikuwa Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, na kwenye ofisi ya walimu watu walikuwa wakizozana juu ya nani amekaa na ufunguo wa choo. Agneta hakuwa na nguvu za kucheka wala kukasirika. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, na ishirini na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumia mbele ya ubao. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, magoti ndiyo usiseme, na moyo ulikuwa umeshahamia Maseno, kwa mama yake, hata kabla ya fomu ya uhamisho kusainiwa.

Fomu ndiyo iliyokuwa inamnyima raha. Mama yake, Aoko, alipatwa na kiharusi mwaka uliopita, mkono wa kushoto ukafa, na sasa aliishi peke yake Maseno, akiangaliwa mchana na jirani mmoja mwema aitwaye Akinyi. Agneta alijaribu muhula mmoja mzima kulala Maseno na kufundisha Kisumu. Ilimbidi aamke saa kumi alfajiri, na kufikia katikati ya muhula alikuwa anasinzia huku ameshika chaki. Akarudi kwenye chumba chake cha Manyatta, akawa anaenda kwa mama Jumamosi na kurudi Jumapili, na kila Jumapili mama humuuliza kwa nini anaondoka ilhali amefika jana tu.

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana katika shule iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka kwa mama. Kilichobaki ni pendekezo la mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, Bwana Wepukhulu, alikuwa ameweka sharti lake wazi. Darasa la Agneta likifikia matarajio katika sayansi, atasaini. Lisipofikia, huko ofisi ya elimu wataona anamkimbiza mwalimu ili kuficha aibu, na yeye hataki maneno. Alama ziingizwe mtandaoni kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa. Fomu za uhamisho zikifungwa siku hiyo, zinafunguliwa tena mwakani.

Na omena alikuwa amesimama katikati ya njia. Bila swali lile, darasa lingepita. Likihesabiwa, lingeangukia kwenye safu ya kukaribia matarajio, neno zuri walilobuni wakubwa ili wasimwambie mtoto amefeli.

Agneta alianza kwa kuwalaumu watoto, kama tufanyavyo sote. Watoto wa siku hizi hawasikii. Kisha akafikia karatasi ya Awuor, msichana wa mstari wa tatu ambaye mamake anauza omena wa kukaanga kando ya barabara. Awuor hakutosheka na kuandika jibu. Chini yake alikuwa amebana sababu, kwa herufi ndogo ndogo ambazo hakuna aliyemwomba: “Kwa sababu ukimkula hakuna kitu unatema.”

Agneta akaisoma mara mbili, na uso ukamwaka moto.

Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema Ijumaa moja baada ya chakula, jua limeshika mabati, watoto wananuka jasho na vumbi, naye amerudia maelezo ya kitabu mara tatu na macho mia moja sitini na mawili hayajaonyesha dalili ya kuelewa. Akachoka. Akatafuta njia ya mkato. “Sikieni,” akawaambia, “mnyama mwenye uti wa mgongo ni yule ukimla unatema mfupa. Basi. Mkifika nyumbani angalieni sahani.” Darasa zima likasema aaah, kengele ikalia, naye akaenda zake akijisifu moyoni kwamba uzoefu ni kitu kikubwa.

Nao walikwenda nyumbani wakaangalia sahani. Samaki ngege huacha mfupa. Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, huacha mfupa. Kuku huacha mfupa, kwa wale waliobahatika kumwona. Omena haachi kitu, analiwa na kichwa na mkia na macho, na isitoshe, kwenye hoteli yoyote ya mtaa ule mwenye hoteli anakuuliza unataka samaki ama omena, kana kwamba huyo wa pili ametoka shambani. Watoto hawakuwa wajinga. Walichukua kanuni ya mwalimu wao, wakaipeleka jikoni, wakaipima, wakarudi na jibu. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, na Agneta alikuwa amewatilia alama nyekundu hamsini na watatu kwa kuifanya.

Akachukua karatasi zote akaenda kwa Bwana Wepukhulu. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya tumbo, akatikisa kichwa.

“Sasa Madam, shida iko wapi? Wape hiyo alama.”

“Lakini jibu si sahihi, Bwana Wepukhulu.”

“Si ni wewe ulifundisha hivyo? Basi kwa hawa watoto ni sahihi. Nani atakuja hapa kuuliza mambo ya omena?” Akasogeza fomu ya uhamisho mbele yake, akaigonga kwa kidole. “Mimi sina ubaya na wewe. Mama ni mgonjwa, najua. Ingiza hizo alama kesho, mimi naweka sahihi, Jumatatu uko Maseno. Umetumikia hii shule, wacha upumzike.”

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Agneta zaidi, maana angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kumkatalia. Akasema asante, na aliposema asante alikuwa ameshaamua kuwapa zile alama. Jioni ile alikunja nguo zake mbili tatu, akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu Januari.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Asubuhi alipopita kwa mama Awuor alijikuta ananunua omena wa mia, akamwagia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ili alainike, na kipindi cha tatu akaingia darasani na kikombe, pini ya nguo, na lenzi pekee ya kukuzia ambayo shule ilikuwa nayo. Alijiambia hivi: alama nitawapa, ila siwezi kuwaacha na uongo vichwani.

Akampasua omena mmoja mgongoni kwa pini, taratibu. Akawaita benchi moja baada ya jingine. Ilichukua kipindi kizima na nusu ya mapumziko. Watoto walisukumana, wakakanyagana, mmoja akamla omena wa maonyesho na ikabidi apasuliwe mwingine. Awuor alipofika aliinama juu ya lenzi muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kumvuta sketi.

“Iko, Tichaa,” akasema polepole. “Iko kama uzi. Ina vipande vipande.”

“Ndiyo. Huo ndio uti wa mgongo. Ni mdogo na ni laini, kwa hivyo mnautafuna bila kujua.”

“Kumbe sisi hukula mgongo yake!” akapiga kelele mmoja kutoka nyuma, na darasa likalipuka.

Agneta akangoja watulie. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema mbele ya darasa kwa miaka ishirini na saba. “Nyinyi hamkukosea. Mimi ndiye niliyekosea. Niliwaambia mfupa ni ule mnaoutema, na si kweli.”

Watoto walimtazama kama wanaotazama ukuta uliopata ufa. Hakuna aliyecheka. Kisha Awuor akainua mkono.

“Tichaa, sasa yale mengine ulitufundisha, gani tena si kweli?”

Msichana hakuwa na ufidhuli wowote. Alikuwa na daftari wazi mbele yake na kalamu mkononi, tayari kuyakata. Agneta aliona njia zote za mkato alizowahi kupita akiwa amechoka, na zilikuwa nyingi, na watoto waliokwisha kutoka nazo hawakuwa hapa wa kuambiwa.

“Sijui, Awuor,” akasema hatimaye. “Itabidi tuangalie, moja moja.”

“Na wewe?” akauliza mwingine. “Utakuwa hapa?”

Saa tisa na nusu alikaa peke yake darasani na simu yake, akaanza kuingiza alama. Alifika kwa Awuor. Kidole kilikaa juu ya kioo. Alimfikiria mama yake akijaribu kufunga kifungo kwa mkono mmoja, akataka kulia, na kwa kweli alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Angewezaje kumwambia mtoto asubuhi kwamba jibu si kweli, halafu jioni akamlipa kwa jibu lile lile? Na mtoto mwenyewe ni huyu, ambaye atakuja na daftari Jumatatu kuuliza. Akaandika sifuri ya swali lile. Akaandika hamsini na mbili nyingine.

Bwana Wepukhulu aliitazama orodha, akaitazama fomu, akairudisha kwenye faili bila kusaini. “Madam, wewe ni mgumu,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya masikitiko. “Basi mwakani.”

Mama alipiga simu Agneta akiwa bado anafunga madirisha ya darasa.

“Barua ya uhamisho imetoka?”

“Bado, Mama. Haitatoka mwaka huu.”

“Umefanya nini, nyathina, mwanangu?”

Agneta hakuwa na nguvu za kueleza habari za safu na matarajio. “Kuna swali watoto walikosa. Waliandika ati omena hana uti wa mgongo.”

“Na wamekosa wapi?” Mama akashangaa kweli kweli. “Omena hana mfupa. Mfupa ni ile unatema. Si ni mimi nilikufundisha ukiwa mdogo, nikikupea ngege? Tema, nilikuwa nakuambia. Ile unatema ndiyo mfupa.”

Agneta akakaa juu ya dawati la kwanza, dirisha moja likiwa bado wazi. Alicheka, machozi yakamtoka tena. Alikuwa amechoka sana, na Jumamosi ilikuwa kesho.

“Chukua omena mmoja, Mama,” akasema. “Mwambie Akinyi akuletee pini. Nitakaa kwenye simu.”