Spika ya Upande Wetu

Jumapili iliyopita niliwahi kufika kwenye dansi la mchana, katika ukumbi mmoja wa Kirumba, nikamkuta fundi wa bendi akizunguka kati ya mabenchi, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Bendi ile ina spika mbili kubwa za besi, na zilikaa moja kila upande wa jukwaa. Ukisimama katikati ya ukumbi, gitaa la besi linakutikisa kifua. Ukisogea pembeni kidogo, linapotea kabisa, maana sauti za spika zilizoachana hukutana zikauana.

Fundi akazisukuma zote mbili hadi katikati, zikagusana. Besi ikaenea ukumbi mzima, mpaka mlangoni.

Mzee mmoja wa benchi la kulia akainuka. "Mbona mmetuondolea spika yetu?"

"Shikamoo mzee. Hapo ulipo, besi unaisikia?"

"Marahaba. Naisikia vizuri kuliko mwanzo. Nauliza, yetu iko wapi?"

"Zote ni zenu, mzee. Zikikaa pamoja zinamfikia kila mtu."

Mzee akanyoosha kidole pale palipobaki patupu. "Ilikuwa hapa."

Benchi zima likamuunga mkono. Wa kushoto nao wakadai yao. Fundi akainua mikono, akazirudisha.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Tunaimba kwamba mali ni ya wote, na naamini tunaimba kwa moyo. Ila kila mtu anataka aione imekaa upande wake.

Dansi lilipoanza, besi haikufika tena kwenye benchi la mzee. Mwenyewe alikuwa anaitazama spika yake, ameridhika.