Chumba cha Chini ya Stesheni

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa redio, vitenge na mitumba, mimi nilikuwa mchora ramani serikalini. Siku moja bosi akanituma nikapime jengo la stesheni ya reli, lile lililojengwa na Wajerumani, kwa sababu mchoro wake haukuonekana popote ofisini.

Nilifurahi. Stesheni ile niliipenda tangu nilipohamia mji huu. Kuta zake za mawe zilikuwa nene kiasi kwamba abiria waliosubiri treni iliyochelewa walikaa madirishani na vikapu vyao, na nafasi ikabaki. Mbele palikuwa na baraza yenye matao, na hata jua la saa nane, ambalo huwafanya mbwa wa Dodoma wasahau kubweka, halikufika kwenye mabenchi. Mjerumani alijenga kama mtu asiyetarajia kuondoka.

Nilihitaji mtu wa kunishikia utepe wa kupimia. Mume wangu alikuwa safarini, lakini mdogo wake, mkulima wa Mlali, alikuwa amekuja kututembelea. Niliposema ninakwenda stesheni, aliweka kikombe chini.

"Shemeji, unajua kwamba chini ya stesheni ile kuna stesheni nyingine?"

"Nani kakwambia?"

"Mlali nzima inajua. Mjerumani alichimba njia ya treni chini kwa chini. Alipokimbia vita akafukia mlango, na mali yake imo humo humo."

Nikamwambia kwamba nchi yetu haina hata treni moja ya chini ya ardhi. Akanitazama kwa huruma.

"Haina kwa sababu mlango haujapatikana."

Basi tukaenda. Stesheni masta, mzee mpole mwenye kofia iliyopauka, aliitikia shikamoo zetu akaturuhusu. Asubuhi yote shemeji alishika utepe kwa mkono mmoja huku kisigino chake kikigonga sakafu ya kila chumba, kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Katika chumba cha vifurushi sakafu ilitoa mlio wa debe tupu. Akasogeza magunia. Chini yake palikuwa na mfuniko wa chuma.

"Shemeji," akanong'ona, "anza kusali."

Stesheni masta akaja mbio. "Hilo ni tangi la zamani tu," akasema. "Treni za moshi zilikunywa maji kuliko mji mzima. Limekauka siku nyingi." Kisha akakohoa, akashauri twende kwanza tukanywe chai. Shemeji alikuwa ameshafunua na kushuka ngazi.

Nikamfuata na tochi. Humo chini mlikuwa na ubaridi wa kanisani, na dari ya mawe iliyopinda tao baada ya tao, laini kabisa, ingawa aliyeijenga alijua kwamba maji tu ndiyo yatakayoiona. Nilisimama nikiipapasa, hata kupima nikasahau.

"Mali!" shemeji akapiga kelele. Ukutani zilipangwa chupa nyeusi, zimezibwa vizuri. Akainua moja kwenye mwanga. "Zebaki nyekundu ya Mjerumani, ile inayouzwa ghali kuliko dhahabu!"

Sauti ya mwanamke ikashuka kutoka juu. "Zebaki ya nani? Weka chini mvinyo wangu!"

Alikuwa mama wa kantini ya stesheni, mjane wa Miyuji mwenye shamba la zabibu Hombolo. Mvinyo aliutengeneza mwenyewe, na Dodoma nzima hakupata mahali penye ubaridi kama pale. Stesheni masta, aliyemruhusu kimyakimya, sasa alikuwa akikagua dari ya chumba cha vifurushi kwa makini sana.

Shemeji alipanda juu na chupa yake, vumbi limemjaa nywele na kope. Mama yule alikuwa amejiandaa kumgombeza, lakini alipomwona akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, onja hiyo mali yako."

Akaonja, akaonja tena. Kisha akauliza, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama shamba la Hombolo lina mtu wa kulipalilia.

Msimu ule hakurudi Mlali. Mwaka uliofuata yeye na mjane yule walifunga ndoa Miyuji, shemeji akiwa ndani ya suti ya mtumba ambayo mikono yake iliishia karibu na viwiko. Padri alipomuuliza bibi harusi kama anamkubali mwanamume huyu, alimkagua kwanza kuanzia juu mpaka chini.

"Namkubali," akasema, "ila suti irudi sokoni."

Kanisa zima likaangua kicheko, na padri naye, ikabidi tungoje atulie ndipo aendelee.