Maji ya Mama

Mimi ni mwalimu wa dini hapa kijijini Mbingu, na aibu hii nimejitakia mwenyewe.

Vita vya Maji Maji vimekwisha juzijuzi tu, na mtu akionekana anawanyunyizia wenzake maji ya dawa, Wajerumani bado wanamnyonga. Basi Alhamisi asubuhi, nikitoka kufundisha, nikamkuta mama yangu nyuma ya nyumba, kibuyu mkononi, akimmwagia maji kichwani binti yangu mchanga, ambaye alikuwa akingoja kubatizwa Jumapili. Midomo yake ilikuwa ikinong'ona. Badala ya kumuuliza, mimi msomi nikakimbia mbio kumwita Padre amwonye kabla askari hawajasikia.

Tulimkuta mama ameketi, mtoto amelala mapajani kwake.

"Shikamoo Padre," akasema kwa furaha.

"Mama, ulikuwa unamwambia nini mtoto?" Padre akamuuliza.

"Felista, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Homa ilimpanda ghafla, nikaona anatuacha. Sasa imeshuka."

Padre akavua kofia. "Nani alikufundisha?"

"Si ni huyu mwanangu! Akifundisha anapiga kelele, hata kuku wangu wanajua sala."

Padre akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, nikaanza hata kujivuna.

"Lakini mama," Padre akasema, "mbona sijawahi kukuona darasani?"

Mama akanitazama kwa upole.

"Aliniambia nimezeeka, kichwa hakishiki tena kitu."