Karatasi ya Mahudhurio

Jumatano, asubuhi ya mawingu bila mvua.

Leo nimeaibishwa mlangoni, na nilistahili.

Shirika letu liliitisha mkutano mjini Minjila kupinga serikali kuchunguza simu za wananchi. Mimi nikakaa mlangoni na karatasi ya mahudhurio: jina, kitambulisho, namba ya simu.

Mama Dhahabo, mfugaji, akakataa kalamu.

“Mwanangu, niliandika hivi hivi kwenye mkutano wa malisho. Wiki ileile polisi wakamwita kijana wangu. Hii yako yaenda wapi?”

“Ofisini tu, mama.”

“Hata wao wana ofisi.”

Watu wakacheka. (Hata mwenyekiti wetu!)

Nikaichoma karatasi kwenye jiko la chai, wote wakiona. Ndipo Mama Dhahabo akaingia, akakaa mbele.

Kesho meneja wa shirika atadai orodha kama ushahidi wa waliohudhuria. Nitamwambia watu walijaa na chai iliisha.

Nyinyi mngemwambiaje?