Noti ya mkoloni niliyoitafuta miaka mingi ililetwa kwangu kwenye sahani

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mliojificha chooni na simu.

Haya nayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Singida. Asiyeamini apite tu, sitamlazimisha.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba matenga ya kuku stendi. Leo nina mashine ya kukamua alizeti Utemini, nyumba ya vigae, na wenye digrii zao wananiita bosi. Nasema hivi ili mjue naandika nikiwa mtu wa aina gani. Nikitaka kitu, nakipata.

Ugonjwa wangu ni noti za zamani. Sio hizi za juzi. Nazungumzia zile za Mwingereza, kati ya vita ya kwanza na ya pili, zenye mfalme mwenye ndevu mbele na simba nyuma. Zimeandikwa mpaka Kiarabu na Kihindi. Wengine wanakunywa pombe, mimi nanunua karatasi. Mke wangu alishachoka kusema.

Kwenye albamu yangu kuna nafasi moja ilikuwa inaninyima raha. Shilingi kumi. Ninayo moja, ila ilichanika katikati na mjinga fulani akaibandika selotepu. Kwa collector, hiyo ni maiti.

Sasa fundi wangu mmoja, mtu wa Ulemo, akaniambia kijijini kwao kuna bibi anayo shilingi kumi ya mfalme, safi kabisa. Nilifunga mashine siku hiyo hiyo, alizeti za watu zimejaa uani.

Binti yangu Neema ndiye aliendesha, maana mimi nikiwa na haraka huwa naendesha vibaya.

Bibi tukamkuta anachambua vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia, nikaeleza shida yangu. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi laini. Akafungua.

Wakuu! Kijani yake bado ipo. Kona zote nne zipo.

Nikataja bei. Akacheka. Nikapandisha. Akarudi kwenye vitunguu. Nikasema naongeza na ng'ombe.

"Hii haiuzwi, mwanangu. Hii inaposa."

Akaeleza. Baba mkwe wake aliipata kwa kubeba mataruma ya reli ya kutoka Manyoni. Akaipeleka ukweni kama mahari. Mzee wa kule akaigeuza geuza, akasema karatasi haizai ndama, akairudisha siku ya harusi na kudai ng'ombe wake. Toka hapo ukoo wao (sisemi Wanyiramba wote, ni ukoo wao) mwanaume akienda kuposa, noti hii inatangulia kwenye sahani. Baba wa binti akiichukua, amekubali yote yaliyotamkwa. Siku ya harusi anairudisha. Isiporudi, bibi harusi hatoki kwao.

Mimi nikaona ni maneno ya kupandisha bei. Nikawa naenda kila nikipata upenyo. Sukari nimepeleka, mafuta nimepeleka, bati za jiko nimepeleka. Bibi anapokea, anashukuru, noti hatoi. Akawa ananitania, "Mwenye kinu, umekuja kumsalimia mfalme wako?"

Kumbe wakati mimi nabishana na bibi, Neema na mjukuu wa bibi, kijana anaitwa Elia, wako shambani kwenye vitunguu wana mazungumzo yao. Mimi mjanja wa mjini sikuona kitu!

Posa ya Elia ikaja.

Kwa desturi baba wa binti hasemi, anasemewa. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa ndiye alikuwa msemaji, mimi nimekaa pembeni kimya. Mshenga wao akaweka sahani mezani, kitambaa cheupe, noti juu, ile ngozi yake pembeni. Akataja ng'ombe wao. Wachache. Kaka akakohoa, anajiandaa kudai nyongeza, na tulishakubaliana ndani adai mpaka watoke jasho.

Sijui mkono wangu ulitumwa na nani. Nikashtukia noti iko vidoleni mwangu, naiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

Upande wa pili wakapiga vigelegele. Nimekubali yote!

Kaka alinivuta nje. "Umemuoza mtoto kwa karatasi? Hata mbuzi wa shangazi yake hujaomba!" Mpaka leo akipita kwangu hanywi chai.

Na Neema naye hakucheka. Akaniuliza, "Baba, unanioza au unanunua?"

Nikamwambia akawapelekee wageni soda.

Kuanzia hapo mpaka harusi sikutulia. Nakaa nainuka. Nipo kwenye mashine, akili iko kabatini nilikoifungia noti. Chakula nakipapasa tu. Maana wazo lilishaingia: bibi ana mtoto wa jicho. Ile yangu ya selotepu nikiitoa selotepu taratibu, nikaikunja kwenye ngozi, nani atajua? Mfalme ni yule yule, simba ni yule yule.

Nikaziweka zote mbili mezani, nimeinama na wembe. Neema akaingia. Akaziangalia. Alielewa pale pale, huyo mtoto ana akili kuliko mimi.

Hakupiga kelele. Akauliza tu:

"Baba, ipi ni yangu?"

Wakuu, nimeshapambana na matapeli, nimeshaibiwa mzigo mzima wa alizeti, ila hakuna aliyewahi kunibana hivyo. Nikanyoosha kidole kwenye ile nzima. Akaikunja kwenye ngozi, akampelekea shangazi yake aitunze.

Harusini nikamkabidhi bibi mbele ya watu. Akaisokomeza kifuani bila hata kufungua.

Roho ikaniuma. Nikamwambia, "Bibi, si uikague?"

"Nikague nini? Binti amekuja, mfalme karudi." Halafu akanisogelea sikioni. "Mwenye kinu, Neema akizaa wa kiume, hii ndiyo atakayoposea. Itabebwa na damu yako. Wewe ulitaka ikae kabatini."

Funzo langu: pesa yangu imenunua kila kitu nilichokitaka, halafu ikashindwa na shilingi kumi. Na kama una kitu cha watu mkononi, usikae nacho peke yako, utaanza kukitafutia wembe.

Nafasi kwenye albamu bado iko wazi, na selotepu nimeiacha pale pale ilipo.

Nyie collector wenzangu, mngerudisha? Semeni ukweli, matusi nimeshayapata ya kutosha kwa kaka.

Mimi sasa hivi nampigia Neema simu kila Jumapili kumuuliza anapenda kula nini siku hizi. Jana akaniambia ndimu, zile zile alizozililia mama yake akiwa na mimba yake. Sijakaa chini mpaka muda huu.