Jino Lililolala Kwenye Mfupa

Chonge langu la juu, upande wa kulia, halikuota. Nilifika kidato cha pili pale Kasulu nina pengo, nimeshajifunza kucheka huku nimejiziba kwa kiganja. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alinitania: "Mke mwenzangu, cheka vizuri, mume wetu asije akadhani unaringa." Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese jikoni, namkumbuka.

Daktari wa meno alipiga picha, akatuonyesha jino limelala ubavu ndani ya mfupa. Kisha akamuuliza mama, "Huyu alichimbwa meno ya plastiki?" Mama akainamisha kichwa. Ndipo nilipojua. Nikiwa mchanga niliharisha, homa ikagoma kushuka, bibi akanipeleka kwa mwanamke mmoja upande wa Buhigwe. Yule alinichokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli, akatoa vijino vyeupe laini, akasema ndivyo vilivyokuwa vinaniua. Kwetu watoto wengi walichimbwa hivyo. Kumbe yalikuwa meno yangu tu, bado machanga, na lile la ukubwani lililokuwa chini yake likasukumwa pembeni.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilinuna njia nzima hadi hospitali kubwa ya Mwanza. Huko walilitoa lile jino lililolala, wakalipandikiza mahali pake, wakajazia mfupa waliouchukua kidevuni kwangu, wakalifunga kwa waya pamoja na meno ya jirani. Daktari alisema huenda likashika, huenda lisishike, tusubiri.

Bibi ndiye aliyenilisha wiki zile. Aliponda ndizi, akachuja uji, akapuliza kila kijiko kana kwamba nina miezi sita. Wote nyumbani waliwaza kama jino litashika. Mimi niliwaza kama nitaweza kumsamehe.

Asubuhi moja aliweka bakuli chini.

"Mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "miguu yako niliishika mimi. Ulilia sana, nikaishika tu. Nilishazika ndugu zako wawili, nikaona na wewe unakwenda."

Habari za ndugu hao sikuwahi kuambiwa. Bibi alikuwa akisubiri nimjibu, na waya ule haukunizuia kusema yamekwisha. Niligeukia ukutani. Akaokota bakuli, akaenda kuliosha.

Jino lilishika. Nikaanza kucheka waziwazi, na bibi alinitazama tu, hanitanii tena. Nilipohamia shule ya bweni Kibondo nilijiambia nitasema naye likizo.

Likizo ilipofika nilimkuta kitandani, hatambui mtu. Nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Yamekwisha, bibi. Yamekwisha kabisa."

Akanitazama kwa upole, kama mgeni.

"Asante," akasema. "Wewe ni mwana wa nani?"